Maharagwe Thelathini

Kwa Zihalirwa unapanda kwa magoti,
hasa mvua ikishaosha ngazi za udongo kule Nyamugo,
ukishika bati la jirani, ukimwomba radhi mwenye bati.
Mlangoni pake hakuna pembe, hakuna ngozi ya chui.
Kuna ndoo ya maji, kipande cha sabuni,
na kibao alichoandikiwa na mjukuu wake kwa chaki:
KARATASI KWANZA.

Karatasi ni ile ya senta, yenye muhuri wa zambarau.
Bila hiyo hakupi hata jani la mubirizi.
Atakutazama, atafunga mfuko wake, atavaa koti,
mtashuka wawili hadi kwa muuguzi Ntakwinja,
naye atakaa kwenye benchi kama mgonjwa, kofia mapajani,
mpaka uitwe.

Mimi sikumwamini.
Nilikuwa na sababu, na sababu yangu ilikuwa na jina.

Nsimire, dada yangu, aliyenizidi miaka mitatu na kicheko,
alimwendea akiwa na kopo la vidonge, jipya, pamba bado mdomoni.
"Acha hivyo," Zihalirwa akamwambia. "Damu yako nitaifua mimi."
Akaifua. Mizizi, chupa ya Primus iliyojaa maji meusi,
mbuzi mmoja, na kitenge cha mama cha harusi.
Miezi saba akanawiri, tukapiga vigelegele.
Wa nane tulimshusha kwa kipoyi, ngazi zilezile,
mwepesi kama beseni la muuza sambaza jioni.

Kwenye matanga alikuja. Hakula.
Alisimama nje ya ua, mvua ikimpiga,
akasema mbele ya wajomba zangu, na mapanga yalikuwepo:
"Miti naijua. Ugonjwa huu sikuujua.
Nilisema naujua."

Wajomba walijibu maneno ambayo siyaandiki.
Mimi nilitema mate.

Miaka sita, kisha jibu langu likatoka senta.
Ntakwinja akaniuliza: "Nani atakukumbusha?
Mume yuko Kamituga mashimoni,
wewe unauza makaa mpaka usiku, unalala na viatu."
Akaandika jina la mtu wa kunishika mkono.
Nikalisoma mara mbili. Nikacheka vibaya.

Alinipa maharagwe thelathini ndani ya kibuyu.
Kila jioni, redio ya jirani ikianza habari,
kidonge kimoja, na haragwe moja
kutoka kibuyu hiki kwenda kile.
Jumamosi anapita. Hana salamu ndefu.
Anamwaga vyote mkekani, vidonge huku, maharagwe huku,
anahesabu kwa kidole kilichopinda,
na yasipolingana hanikemei, ananyamaza tu;
afadhali angenichapa.

Siku nilipotapika mpaka nyongo nilimwomba mzizi.
Aliushika, akaunusa, akaurudisha mfukoni.
"Huu unagombana na vidonge vyako.
Fahali wawili, tumbo moja? Hapana."
Akaniachia tangawizi na ndizi mbili za kuchoma,
akaenda kumuuliza Ntakwinja, kwa miguu, usiku.

Mwisho wa mwezi nayapika yale maharagwe.
Ni vijiko viwili, na chumvi. Nakula peke yangu, polepole.

Sijamsamehe. Sitaki mtu aje kuniambia nimesamehe.
Ila Jumamosi, kabla hajafika, nakipangusa kigoda.

Tatizo ni Januari. Kopo lina vidonge thelathini
na Januari haina adabu, ina siku moja zaidi.
Nilikuwa nimekwisha kupika, kibuyu kitupu.
Tulishuka senta pamoja kuchukua kopo jipya,
na tuliporudi akaingiza mkono mfuko wa shati,
akatoa haragwe moja kuukuu,
limekuwa jeusi kwa kushikwashikwa,
akaliweka kiganjani pangu.
"La leo," akasema. "Hili usilipike."

Sikumuuliza ni la nani.
Tarehe moja Februari alikuja kulichukua,
na haikuwa Jumamosi.